Kuwaka Sio Kupona

Gari ya mjomba wangu ilikuwa imegoma kuwaka. Fundi kijana aliweka ncha moja ya mita ya volti kwenye kichwa cha betri upande wa negativu, ncha ya pili akaikandamiza kwenye chuma cha injini pale pasipo na rangi wala mafuta, afu akamwambia mjomba, "Mzee wangu, piga starta."

Mjomba akazungusha funguo.

Tak. Mara moja tu, basi.

Nikachungulia mita. Volti sita na ushee. Fundi akasema hapo ilitakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi sana nusu volti, kwa sababu negativu ya betri na chuma cha injini vinaunganishwa na waya mmoja mnene na umeme unatakiwa upite bila kuzuiliwa na kitu. Kama kati yao kuna volti sita, basi nusu ya nguvu ya betri inapotelea njiani kabla starta, ile mota ya kuzungusha injini iwake, haijaipata.

Akachukua waya wa kubustia, upande mmoja akabana kwenye negativu, mwingine akabana kwenye injini. "Piga tena mzee." Gari ikashika papo hapo.

Hii ilikuwa uani kwa mjomba, Nkuhungu hapa Dodoma, asubuhi ya baridi ya mwezi wa 7. Na hapo tayari gari ilishawekewa betri mpya. Ilishabadilishwa starta. Na fundi wa kwanza alishaandika kwenye karatasi kitu cha tatu cha kwenda kununua, switchi ya funguo.

Kijana akazima, akachomoa betri kwanza, akaingia mkono chini kwenye giaboksi akafungua nati moja. Waya wa ethi, ule mnene wa kutoka negativu kwenda injini, ulipotoka alinionyesha kile kikombe cha mwisho kinachokaa chini ya nati. Juu kilikuwa kisafi tu, ukikiangalia kwa juu hutakisema. Ukikigeuza, chini kuna unga wa kijani na kijivu umeganda, na pembeni kidogo ndo palikuwa panang'aa, sehemu ndogo sana, ambayo ndo ilikuwa inashika siku ikiamua kushika. Akapiga msasa pande zote mbili mpaka chuma kikawa cheupe, akarudisha, akakaza, akapaka grisi juu. Akapima tena wakati starta inazunguka. Mita ikasoma sifuri pointi moja na kitu.

Hakuna spea iliyonunuliwa.

## Kilichonikaa kichwani

Nina kaduka ka spea hapa Dodoma, kwahiyo habari za gari kugoma kuwaka nazisikia kila siku inayokwenda kwa Mungu. Lakini hii ya mjomba imenikaa wiki kadhaa sasa, na sio kwa sababu ya hela tu, ingawa hela yenyewe ni ya mwalimu mstaafu na gari yenyewe ndo inampeleka mke wake kliniki ya presha. Hakuniambia mapema. Alisema hakutaka kunisumbua, na fundi alishasema spea ataleta mwenyewe.

Kilichonisumbua ni hiki: kila spea ilipobadilishwa, gari iliwaka.

Betri mpya ilipowekwa, iliwaka. Ikaenda siku kadhaa safi kabisa, mjomba akafurahi, akamshukuru fundi. Ikagoma tena. Starta ikabadilishwa, ikawaka vizuri tu, ikaenda siku kadhaa. Ikagoma tena.

Sasa fikiria uko kwenye nafasi ya mjomba. Umebadilisha kitu, gari imewaka. Utakataa vipi kwamba kile kitu ndo kilikuwa kibovu? Ushahidi unao mbele ya macho, injini inanguruma.

Lakini ukitaka kufunga betri mpya lazima uguse zile nyaya. Unazivuta, unazikunja, unazirudisha. Waya wa ethi unatikisika chini kule kwenye nati yake na ile sehemu ndogo inayong'aa inashika upya. Ukibadilisha starta ndo zaidi, maana kwenye gari ile starta imekaa jirani kabisa na hiyo nati, spana zinapita palepale. Kwahiyo kilichowasha gari mara zote mbili ni ule mtikisiko. Betri mpya na starta vilikuwepo tu wakati jambo linatokea.

Na starta ya zamani, iliyokuwa nzima, mjomba hakurudishiwa. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa kila mteja wangu: SPEA YAKO YA ZAMANI NI MALI YAKO, iombe palepale.

## Sikia kwanza ni kimya gani

Watu wakija kaunta wanasema "gari haiwaki" afu wanataja spea. Mimi siku hizi nauliza, ukizungusha funguo unasikia nini? Wengi wanakasirika kidogo, wanaona napoteza muda, wakati nusu ya jibu iko hapo.

Kama inalia tiki-tiki-tiki-tiki haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, mara nyingi betri imeishiwa. Starta inajaribu kuvuta, volti zinaanguka, inaachia, inajaribu tena. Hapo ndo betri inahusika kweli, ingawa bado hujui kama imekufa au imekosa chaji, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kama inalia tak moja na taa zinabaki na mwanga wake uleule, hazififii hata kidogo, simama hapo. Betri ingekuwa dhaifu taa zingeshuka. Taa kutoshuka maana yake umeme mwingi haukutoka kabisa, kuna mahali umezuiwa. Inaweza kuwa ethi kama ya mjomba, inaweza kuwa kichwa cha betri kimelegea au kimeota ule unga mweupe, inaweza kuwa kopa, vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ndani ya solenoidi (switchi kubwa ya starta), zimelika, na hii ya kopa ni ugonjwa wa kawaida mno kwenye starta nyingi za Kijapani. Kopa zinauzwa peke yake. Kaboni za starta nazo zinauzwa peke yake. Fundi umeme mzuri anafungua starta anabadilisha hivo vitu na starta inaendelea na kazi, lakini watu wanapenda kununua starta nzima ya mtumba ambayo kopa zake na zenyewe hujui zimebaki kiasi gani.

Gari ya mjomba ilikuwa hivo. Tak moja, taa haziguswi. Dalili ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza kwamba betri haihusiki, kama angekuwepo mtu wa kutazama dashibodi wakati funguo inazungushwa.

Kama husikii chochote, hata tak, na taa zipo, basi amri yenyewe haifiki kwenye starta. Kwa gari ya oto kitu cha kwanza ni gia: peleka kwenye N ujaribu. Kuna switchi inayozuia gari isiwake ikiwa kwenye gia, ikichoka inaanza kuikataa P, na N inakubali. Kuna jirani yangu wa Kisasa ameendesha hivo miezi mingi, anawashia N. Baada ya hapo ndo unakuja fyuzi, rilei (kile kiswitchi kinachoendeshwa na umeme), switchi ya funguo, na zile alamu za kufungwa mtaani ambazo fundi alikata waya wa starta katikati akaunganisha kwa selotepu.

Na kama hata taa hakuna, giza totoro, angalia vichwa vya betri kwa mkono. Kishike ukizungushe. Kikizunguka ndo hicho.

## Joto ndo linaua, baridi inatangaza

Kwetu hapa kila ikifika Juni na Julai mafundi wanauza betri sana. Asubuhi nyuzi 13, 14, upepo ule mkavu wa Dodoma unakata masikio, oili imekuwa nzito, betri inatoa nguvu kidogo kuliko kawaida, gari inagoma. Watu wanalaumu baridi.

Betri iliumia Oktoba na Novemba. Joto ndo linalokausha maji ya betri na kula zile sahani za ndani, ila wakati wa joto injini inazunguka kirahisi kwahiyo huoni. Baridi inakuja kudai nguvu ambayo haipo tena. Kwahiyo kama una betri ya maji, muda wa kuiangalia ni kabla ya joto na katikati ya joto, sio Julai. Na unaongeza maji ya betri, yale yaliyosafishwa yanayouzwa dukani, sio ya bomba wala ya kisima. Haya maji yetu ukiyachemsha unaona ukoko kwenye birika, sasa huo ukoko usiupeleke kwenye sahani za betri.

Namba zenyewe sio ngumu. Gari ikiwa imelala usiku mzima bila kuwashwa, betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikifika 12 au chini hapo kuwaka ni bahati. Wakati starta inazunguka isishuke chini ya 9.6. Gari ikishawaka, altaneta, ile inayochaji betri, inatakiwa ipandishe mpaka kati ya 13.8 na 14.5 hivi, na kama imebaki kwenye 12 basi usianze kuilaumu betri, inafanya kazi bila kulishwa. Ukinunua betri mpya kwenye gari ambayo altaneta haichaji, umenunua siku chache tu.

Mita ya kawaida ya kupima haya yote haifiki hata robo ya bei ya betri.

Kingine ambacho hapa mjini nakiona sana tangu watu wameongezeka na ofisi zimehamia: gari inatembea safari fupi fupi, Area D mpaka sokoni Majengo, sokoni mpaka nyumbani, AC na redio na taa vyote viko juu, afu inalala na alamu na traka ambazo zinakunywa umeme usiku kucha. Starta imekula kingi, altaneta haijapata muda wa kurudisha. Betri ya namna hiyo haijafa, ina njaa. Ichajiwe vizuri usiku mmoja, ipimwe, ndo iamuliwe.

Kuhusu kubusti nitasema fupi maana wengi mnajua, ila mpangilio watu wanaukosea. Pozitivu kwenye betri iliyokufa, pozitivu kwenye betri nzima, negativu kwenye betri nzima, na ile ya mwisho bana kwenye chuma cha injini ya gari iliyogoma, mbali na betri. Betri inatoa gesi inayolipuka na ile ya mwisho ndo inayotoa cheche. Afu zingatia, kama ukibana kwenye chuma cha injini gari inawaka ila ukibana kwenye kichwa cha betri haiwaki, umeshapata ugonjwa wako bure, ethi hiyo.

## Inazunguka ila haishiki

Hii ni gari nyingine kabisa na inaniuma watu wakinunua betri kwa ajili yake. Kama starta inazungusha injini kwa nguvu, betri nzima, starta nzima. Tafuta mafuta, cheche, au ruhusa.

Naanza na ruhusa kwa sababu haigharimu. Gari nyingi za sasa zina kompyuta inayoitambua funguo. Taa ya funguo ikiwa inawaka au kumeta dashibodi wakati unapiga starta, gari haijakutambua na inazuia makusudi. Jaribu funguo ya akiba. Kama ni gari ya kubonyeza kitufe, kibetri cha ndani ya rimoti kinaweza kuwa kimekwisha, kwenye Toyota nyingi ukigusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe ukakanyaga breki inakubali.

Mafuta. Kabla ya yote, yamo? Geji zinadanganya na gari ikipaki kwenye mteremko yale mafuta kidogo yanakimbilia upande pampu isikofika. Afu fungua switchi bila kupiga starta, zima redio, mtu mmoja asikilize kwenye siti ya nyuma: kwenye gari nyingi pampu inalia mmm kwa sekunde mbili hivi, inanyamaza, ingawa zipo ambazo inalia pale tu starta inapozunguka. Isipolia kabisa, angalia fyuzi na rilei yake kabla hujaihukumu pampu. Na hawa wenzangu wa kuweka ya elfu kumi kumi na taa ya mafuta inawaka mwaka mzima, pampu iko ndani ya tenki na yale mafuta ndo yanaipoza. Tenki likiwa kavu muda wote inaungua taratibu, nauza pampu nyingi sana za namna hiyo.

Cheche ni plagi na koili, na kuna sensa moja ya krenki, inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka, ambayo ina tabia ya kusumbua injini ikipata moto. Mteja mmoja alikuwa anatoka Singida, gari ikamzimia karibu na Bahi mchana wa jua kali, inazunguka haishiki, akakaa chini ya mbuyu saa nzima hivi, akajaribu, ikawaka kama haijawahi kuumwa, ikamzimia tena mbele. Ikiwa moto inakataa, ikipoa inakubali. Dalili ya hiyo sensa kabisa, fundi alipoipima ikiwa ya moto akakuta imekatika ndani.

Ukisikia harufu kali ya petroli, umeizidishia. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini uishikilie, piga starta, kwenye gari nyingi za injekta hiyo inakata mafuta ili ijisafishe. Na usipige starta zaidi ya sekunde kumi mfululizo, ipumzishe, ile mota inapata moto haraka.

Ukisikia injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kasi, kama haina mzigo, acha. Usirudie. Inawezekana mkanda wa taimingi umekatika na kwenye baadhi ya injini kila mzunguko unapiga valvu kwenye pistoni.

Wenye dizeli nyie mna yenu, plagi za kupasha moto asubuhi za baridi, maji kwenye filta, na hewa ikiingia kwenye bomba. Kile kipampu cha mkono juu ya filta kipo kwa kazi hiyo, bonyeza mpaka kiwe kigumu.

Na panya. Baada ya mavuno wanahamia kwenye maboneti, wanakula nyaya. Fungua boneti utazame kabla ya kumpigia mtu simu.

## Mashine haioni nati

Mjomba aliniuliza swali zuri. "Anko, si walinipimia na mashine? Mbona haikusema?"

Walimpimia kweli, alilipia. Mashine ikasema hakuna kosa.

Mashine inasoma kile ambacho kompyuta ya gari imekiandika, na kompyuta inaandika habari za vitu ilivyounganishwa navyo, yaani sensa, injekta, koili na kadhalika. Kwenye gari nyingi tunazoendesha hapa, ule waya mnene wa ethi hauna mtu anayeulinda. Hakuna sensa pale. Kompyuta haijui kama starta imekosa nguvu. Kwahiyo "hakuna kosa" ya mashine ilikuwa kweli kwa yale inayoyaona, ikachukuliwa kama kweli kwa gari nzima.

Kupima starta ni mita na mtu wa kuzungusha funguo. Ncha huku, ncha huku, piga. Unapima upande wa negativu, unapima upande wa pozitivu kutoka betri mpaka kwenye bolti ya starta, na ukijua volti zinapotelea wapi umemaliza. Kijana alifanya hivo kwa dakika chache, alijifunza chuo cha ufundi VETA na anasema huko ndo walianza nako kabla ya kushika spana.

## Fundi wa kwanza

Nilikuwa na hasira naye. Nilishamwandika kichwani kuwa ni mwizi, nikawa nimejipanga maneno ya kumwambia. Siku nilipokutana naye nikamweleza habari ya nati, akanyamaza kidogo, afu akaniuliza, "Wewe ukimwambia mteja nimekaza nati, atakupa shilingi ngapi?"

Sikujibu haraka.

Akaendelea. Kwamba akishinda saa mbili anatafuta tatizo, akalipata, likawa ni msasa na nati, mteja anampa elfu mbili tatu na lawama juu, "si ungenambia nikaze mwenyewe". Lakini akileta boksi, akalifungua mbele ya mteja, kitu kipya kinang'aa, mteja analipa bila maneno na ufundi analipa. Watoto wake wanakula kwenye boksi, sio kwenye kutafuta. Na akaniapia kwamba betri alidhani kweli ni betri, maana aliiweka na gari ikawaka, sasa angejuaje?

Hapo ndo hasira yangu ilipokosa pa kukaa.

Sijamsafisha. Dalili ya taa alitakiwa aione, na starta ya watu alitakiwa airudishe. Lakini alichosema kuhusu malipo ni kweli na nimekiona kwa macho yangu miaka yote. Mtu atatoa laki na ushee ya betri huku anacheka na mimi kaunta, afu fundi akimwambia elfu kumi ya kupima anaona ameibiwa. Kuna mteja aligomea hela ya kupima, akanunua pampu ya mafuta, akarudi nayo kesho yake anataka hela yake maana tatizo lilikuwa rilei. Spea za umeme hazirudishwi, karibu kila duka lina hicho kibao, na sababu ni hiyohiyo, zingerudishwa zote.

Kwahiyo fundi anajifunza kutokana na kile anacholipwa. Tunalipa boksi, anatuletea boksi.

Hospitali tunalipia vipimo kabla ya dawa na hatugombani na mtu wa maabara kwa sababu hajatupa kidonge. Akisema malaria hakuna tunamshukuru. Kwenye gari, mtu akipima akasema betri yako nzima usinunue, amekuokolea hela nyingi, na ndo huyo tunayemnyima.

## Upande wangu wa kaunta

Hapa ndo nimekwama zaidi kuliko pote, kwa sababu ukweli ni kwamba kubahatisha kunaniingizia hela. Mtu anayebadilisha vitu vitatu kutafuta kibovu kimoja ni mteja mzuri sana kwa duka. Mwenzangu tunayeshirikiana naye dukani ananiambia kazi yetu ni kuuza, anayetaka ushauri aende kwa fundi, na hesabu za mwisho wa mwezi zinampa haki.

Ila mjomba ni mjomba. Na kila anayeingia dukani kwangu ana watu wake nyumbani ambao kwao yeye ndo mjomba.

Nimeweka mita kaunta. Mtu akija kutaka betri tunatoka nje tunapima iliyopo, ikilala bila kuwashwa na ikiwaka. Akija kutaka starta namuuliza taa zinafifia au hazififii, na kama hajui namwomba aende akaangalie kwanza. Kuna wanaoondoka wakanunua duka la pili, nawaona. Kuna waliorudi kusema ilikuwa kichwa cha betri tu, wakanunua oili badala yake. Mwenzangu bado hajakubali, tunaendelea kubishana, na amesema akiona mauzo yameshuka mpaka msimu wa mvua hiyo mita itaondoka.

Yule kijana nimemshawishi atangaze bei. Amechora kwa rangi ukutani pale anapofanyia kazi Chang'ombe: KUPIMA GARI ISIYOWAKA, afu bei, na chini yake UTALIPA HATA NIKIKUTA NI NATI. Wiki ya kwanza watu walisoma wakacheka wakapita. Sasa wanaanza kusimama.

Mafundi wa Dodoma mnaosoma hapa, wa Majengo, wa Ipagala, mpaka nyie wa Kibaigwa na Manyoni barabarani, andikeni bei ya kupima ukutani, iwe bei ya haki inayolipa muda wenu kweli. Mkishaandika niambieni mko wapi. Nina wateja wa kuwatumia kila siku.